Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Rejeta na Breki

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wapenda magari hapa Uyole, Mbeya, inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Mwaka jana niliisoma kwa dakika tano tukiwa tumesimama, mvua ikipiga mabati hata waliokaa nyuma hawakusikia neno. Safari hii nimeiandika, tena ndefu, kwa sababu mkutano mkuu utapiga kura juu ya pendekezo moja, nami nataka kila mmoja aje akiwa amelipima nyumbani kwake. Pendekezo ni kwamba gari lolote linaloletwa kwenye Jumamosi zetu za kutengeneza magari lisiongezwe nguvu, lisishushwe, wala lisibadilishwe chochote, mpaka breki zake na mfumo wake wa kupoza injini viwe vimekaguliwa na kutengenezwa. Kamati imegawanyika. Mimi naunga mkono, na nitaeleza sababu.

Kwanza yale ya kawaida. Tulianza mwaka tukiwa 14, tunaumaliza tukiwa 19, wakiwemo wawili wa Iringa na mmoja wa Makambako ambao wanafika hapa Uyole mara moja kwa mwezi bila kukosa. Hesabu ziko safi. Dada yetu mhazini ataziweka mezani siku ya mkutano, na mwenye swali atajibiwa risiti kwa risiti. Ada inabaki ileile.

Fedha kubwa tuliyotoa ilikwenda kwenye stendi nane za jeki. Wapo waliosema ni gharama za bure, kwamba mafundi wote wa mjini wamekua wakiegesha gari juu ya tofali na gogo. Ni kweli wamekua hivyo. Lakini tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kumwonya mtu, na jeki ya mafuta hushuka pale sili yake inapochoka. Tangu mwezi wa tatu, katika uwanja wetu hakuna anayeingia chini ya gari ambalo halijakaa juu ya stendi. Kijana mmoja alikataa, nikamwomba akae nje siku nzima. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na sasa ndiye anayewakumbusha wengine.

Sasa nije kwenye rejeta.

Sisi tunaoishi huku juu tuna tatizo ambalo mwenzetu wa Dar es Salaam hana. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kiasi kwamba injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kushindilia hewa, hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Hilo mnalijua, na ndiyo sababu kila mgeni anayetufikia huja na ombi la kuongezewa nguvu. Lisilozungumzwa sana ni kwamba maji nayo huchemka mapema. Sufuria ya jikoni hapa Mbeya inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na kila mama anayepika maharage anajua yanavyochelewa kuiva. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9 juu yake, yaani kiwango cha presha unayoizuia, huyabana maji mpaka kiwango chao cha kuchemka kinapita nyuzi 110, hata kwa kimo hiki. Mpira wake ukikauka, au springi yake ikilegea, maji ya injini yanarudi kuwa maji ya sufuria. Injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 inabakiwa na nafasi ya nyuzi nne tu.

Naandika haya nikiwa na kisa changu. Toyota MR2 yangu ya mwaka 1991 ilichemsha mara tatu kati ya Januari na Aprili, kila mara kwenye mpando wa kutoka Kiwira kurudi Isongole, barabara ya Tukuyu. Nilibadilisha themostati. Nilibadilisha wota pampu. Nikaanza kushuku gasketi ya silinda hedi, na fundi mmoja alishanitajia bei ya kushusha injini. Sasa gari hili injini yake iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele kabisa. Maji husafiri kwa mabomba marefu chini ya sakafu, zaidi ya lita 12 kwa jumla. Ukiyamwaga na kujaza harakaharaka kama unavyofanya kwenye Corolla, hewa inajifungia huko mbele na maji hayazunguki.

Jumamosi moja Mzee wetu mwenye Datsun alikaa na mimi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tulifungua vali ndogo ya kutolea hewa kwenye rejeta na ile ya hita, tukachomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, tukaining'iniza kwa kamba juu ya boneti. Tukamimina kidogo kidogo kwa upande wa injini, tukisubiri, tukimimina tena, mpaka mipira yote miwili ikaonyesha maji yametulia bila povu. Halafu akaomba mfuniko wangu, akaubinya kwa dole gumba, akanionyesha mpira uliopasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Sikuwa nimeutazama hata mara moja katika miezi yote minne. Tangu siku hiyo mshale wa joto haujapita katikati. Nimeupanda mpando uleule na abiria, na nimekwenda Iringa na kurudi, zaidi ya kilomita 300 kila upande, bila kuongeza tone.

Mzee huyohuyo mwaka huu alitufundisha somo la pili. Datsun yake ni 240Z, ya aina iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971 na tena 1973: silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili za Hitachi. Ilitunzwa pwani miaka mingi, na ilipopandishwa huku ilianza kukohoa na kunuka petroli. Mtu mmoja mjini alimshauri atupe kabureta hizo anunue kubwa zaidi. Tulifungua plagi zote sita, zikatoka nyeusi tititi. Kabureta zilikuwa nzima. Zilikuwa zinapima petroli ya hewa nzito ya pwani, na hewa yetu haitoshi kuiunguza. Tulipandisha nati iliyo chini ya kila kabureta, robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukijaza oili nyepesi kwenye kikombe cha juu ambacho kilikuwa kikavu, tukiendesha hadi Igawilo na kurudi, tukifungua plagi tena. Jioni zilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Gharama yake ilikuwa petroli ya kuzunguka na chupa ndogo ya oili.

Baada ya hapo ndipo tukaibadilisha, na mabadiliko yale nayapenda kwa dhati. Tulitoa platini, vile vyuma vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, tukaweka mfumo wa elektroniki, kwa hiyo hakuna tena kuamka asubuhi ya Julai yenye baridi kali na kupiga msasa. Tukaweka rilei kwenye taa za mbele. Kiwandani umeme wote wa taa za gari lile ulipitishwa kwenye swichi ya mkononi, swichi inapata moto na taa zinafifia. Kwa rilei umeme unatoka moja kwa moja kwenye betri na swichi inabaki kutoa amri tu. Vifaa vya awali viko kwenye boksi nyumbani kwake, kila kimoja na kipande cha karatasi kinachoeleza kilitoka wapi. Atakayeirithi ataweza kuirudisha ilivyokuwa.

Nimefika kwenye jambo gumu.

Mwezi wa sita, kwa Jumamosi tatu mfululizo, tulifanya kazi kwenye Nissan Silvia ya mmoja wa vijana wetu. Tuliongeza presha ya tabo, tukafunga egzosi mpya, tukafunga rimu alizokuwa amezisubiri kwa miezi. Gari lilipendeza na lilikwenda. Nilikuwepo siku zote tatu, na tochi nilishika mimi. Hakuna mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyefungua kikopo cha mafuta ya breki.

Jumapili tukashuka kwenda Tukuyu. Baada ya Isongole barabara inaporomoka kuelekea Kiwira, ukungu umelala, malori yamefuatana. Kijana alikuwa wa tatu kwenye msafara, mimi nyuma yake. Niliona taa zake za breki zikiwaka, zikizima, zikiwaka, na gari halipungui. Pedali ilikuwa imezama mpaka sakafuni. Alirudisha gia mpaka ya pili, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliingiza gari kando ya shamba la viazi na likasimama. Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu, na namshukuru kijana kwa kichwa chake kilichotulia. Nilipomfikia, mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani na hakuweza kuiachia.

Tulipofungua kikopo, mafuta yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata kama gari limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na hushuka hadi 155. Ukishuka mlima mrefu ukikanyaga breki muda wote, joto la diski linahamia kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabinyika. Mguu wako unabinya mvuke, pedi hazisukumwi. Na jambo linalonitisha kuliko yote ni hili: tulipokaa nusu saa pale shambani, vyuma vikapoa, pedali ilirudi ngumu kama hakuna kilichotokea. Mtu asiyejua angewasha gari na kuendelea.

Silvia ile ilirudi Uyole ikivutwa. Jumamosi iliyofuata tulimwaga mafuta yote ya zamani, tukaweka DOT 4, tukatoa hewa kwenye magurudumu manne, tukabadilisha mipira ya breki iliyokuwa imevimba. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumetumia Jumamosi tatu kwenye nguvu, na nusu siku ndiyo iliyokuwa inatakiwa kwenye breki. Hiyo ndiyo sababu ya pendekezo langu, na sina nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Makamu wangu anapinga, na hoja yake ina uzito. Anasema vijana huvutwa na mlio na kasi, na tukiwaambia siku ya kwanza waanze na mifuniko na mafuta watakwenda kwingine, watafanyiwa kazi ileile na watu wasiojali. Nimelifikiria hilo sana. Kwa hiyo naongeza masharti mawili upande wetu. Ukaguzi uwe bure na ufanyike Jumamosi ileile gari linapofika, mtu asiambiwe rudi mwezi ujao. Na chama kiweke akiba ya mafuta ya breki, mifuniko ya rejeta na mipira ya maji kwa saizi zinazotumika zaidi, tuviuze kwa bei tuliyonunulia. Tumezoea kusubiri kifurushi kwa basi la kutoka Dar es Salaam. Kwa vitu hivi vidogo tusisubiri tena.

Kuhusu kukata springi kwa grainda ili gari lishuke, msimamo wangu hauhitaji kura. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gari linaporuka tuta, na barabara zetu matuta hayana mwisho. Anayetaka gari la chini anunue springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi. Matairi ya mtumba nayo tuyasome kabla ya kuyalipia: namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 1412 ni wiki ya 14 ya mwaka 2012. Mwaka huu tuliyakataa mengi yaliyokuwa na kashata nzuri na umri mkubwa.

Mwanachama wetu wa Tukuyu ameniomba niwaambie wenye Mazda MX-5, lile gari la paa la turubai, jambo moja. Kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Nyuma ya viti, kila upande, kuna tundu la kutolea maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai. Lake liliziba kwa majani, maji yakaingia kwenye kizingiti cha mlango na kukila kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. Alibonyeza kwa kidole, kidole kikapita. Uchomeleaji umemchukua miezi miwili na bado upande mmoja. Pitisheni waya laini kwenye matundu hayo kabla masika hayajashika.

Kwa Mzee wetu wa Datsun, kwa niaba ya wote: ndaga fijo, asante sana.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa tatu asubuhi, uwanjani kwetu Uyole. Kura itapigwa kabla ya chai. Kila mtu aje na gari lake likiwa limepoa, tutafungua mifuniko yote tukianza na wangu.

Mwenyekiti