Barua kwa Maganga kutoka ilikoanzia tumbaku yetu

Richmond, Virginia
Jumapili, Oktoba 19

Ndugu yangu Maganga,

Mwangaluka. Natumaini vitalu vimeota vizuri na watoto hawajaanza kugombania zamu za kumwagilia. Mfikishie mama shikamoo yangu, umwambie mlenda kama wake huku sijauona.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti uliniuliza swali lililonichekesha kwanza, halafu likanikaa kichwani wiki nzima. Ulisema: "Wewe si uko Virginia? Na sisi hapa Urambo tumbaku yetu tunaiita Virginia. Hebu nenda ukaone ilikoanzia, uniambie kama na wao walikuwa wanadaiwa." Basi nimekwenda. Walikuwa wanadaiwa.

Mahali penyewe panaitwa Jamestown, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka ninapokaa. Ni kisiwa kwenye mto mpana, kimya, chenye mbu wa kumkumbusha mtu kwao. Mei 1607 walishushwa hapo Waingereza 104, wanaume na wavulana watupu. Usidhani ni serikali iliyowaleta. Ilikuwa kampuni ya London, ya wanahisa, watu waliotoa fedha zao wakingojea dhahabu. Dhahabu haikuwepo. Walichokuta ni maji ya mto yenye chumvi, homa, kuhara, na wenyeji wa utawala wa Powhatan ambao hawakukawia kuchoshwa na wageni wa kuomba mahindi leo na kuyapora kesho. Baridi ya 1609 kuingia 1610, njaa ikawashika ngomeni. Walikuwa kama 300. Walipotoka ni kama 60. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua hapo mifupa ya msichana wa miaka 14 hivi, ina alama za kisu na shoka. Waliobaki walikula maiti. Niliisoma habari hiyo mbele ya kioo, nikatoka nje kuvuta hewa.

Sasa ngoja nije kwenye jani. Wenyeji walikuwa na tumbaku yao, kali, Waingereza haikuwapendeza. Mwaka 1612 mmoja wao, John Rolfe, akapanda mbegu nyingine, tamu zaidi, iliyotoka kwenye makoloni ya Wahispania upande wa Karibi. Ikakubali udongo. Mwaka 1617 wakapeleka Uingereza ratili 20,000. Ukipiga hesabu ni tani 9, yaani lori la tani 10 lisilojaa. Lakini lori hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Gavana mpya alipofika mwaka huohuo alikuta nyumba zinaanguka, kanisa limebomoka, na tumbaku imepandwa sokoni na njiani, kila penye upenyo. Kabla yake ilibidi itolewe amri kwamba hakuna ruhusa ya kulima tumbaku mpaka mtu awe na ekari 2 za mahindi. Nikamkumbuka mzee wako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akisimama kwenye kona ya shamba: "Tumbaku hailiwi!" Kumbe alikuwa anasoma amri ya gavana bila kujua.

Na hayo mahindi walifundishwa kulima na hao hao wenyeji. Chakula chao cha kila siku kilikuwa mahindi ya kutwangwa, yakapikwa uji mzito au yakaokwa mkate. Mahindi yetu nayo asili yake ni upande huu wa dunia. Wareno ndio wanaotajwa kuyafikisha pwani yetu. Kwa hiyo ugali na kinachotulipia ada za shule vyote vimevuka bahari moja.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kwa miaka mingi sarafu zilikuwa adimu sana, na jani likawa ndilo fedha. Kodi inalipwa kwa ratili za tumbaku. Faini vilevile: sheria ya 1624 ilisema asiyefika kanisani Jumapili moja bila udhuru atoe ratili 1, na anayekosa mwezi mzima atoe 50. Baadaye mshahara wa mchungaji ukapangwa kwa sheria, ratili 16,000 kwa mwaka. Wachungaji wakawa wanapenda kupangiwa parokia zenye jani zuri, maana ratili ni ratili, lakini jani si jani. Hilo wewe sihitaji kukueleza.

Halafu wanawake. Kampuni iliona wanaume wasio na familia wanachuma na kuondoka, ikaanza kuleta mabinti kutoka Uingereza. Mwaka 1621 waliletwa 57. Anayeoa alitakiwa kurudisha gharama za safari: kwanza ilitajwa ratili 120 za jani bora, kisha ikapanda hadi 150. Nilipomweleza mke wangu akasema, "Kumbe na wao walitoa mahari." Nikamwambia hapana, angalia fedha inakwenda wapi. Kwetu kilo 68 za tumbaku zingekwenda kwa wazazi, wajomba wangekaa, kungekuwa na maneno na kicheko. Hapa zilikwenda kwa kampuni. Ni nauli, pamoja na faida ya wanahisa. Binti alikuwa na haki ya kumkataa asiyemtaka, hilo niliseme kwa haki. Lakini walitaka waolewe na watu huru wenye uwezo. Mtumishi asiye na jani lake alikuwa mtazamaji tu.

Na watumishi ndio walikuwa wengi. Waingereza maskini waliosaini mkataba wa miaka 4 hadi 7, kazi bila mshahara, kulipia ile safari ya meli. Aliyewalipia nauli alipewa ekari 50 kwa kila kichwa. Fikiria hesabu hiyo, Maganga: ukileta watu 10, umepata mikono 10 na ekari 500. Wengi walikufa kwa homa kabla mkataba haujaisha, na ekari zilibaki kwa bwana. Aliyemaliza alipata nguo na mahindi kidogo ya kuanzia maisha.

Sasa nisikilize vizuri kwenye mwaka 1619, maana hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi nikashindwa kuendelea. Julai 30 wawakilishi wa makazi walikutana kanisani Jamestown, baraza la kwanza la aina hiyo kwenye makoloni ya Waingereza huku. Wamarekani wanajivunia sana mkutano huo. Joto liliwashinda wakafunga baada ya siku 6. Unajua walichopitisha, pamoja na mengine? Bei ya tumbaku. Daraja la kwanza shilingi 3 kwa ratili, daraja la pili peni 18, yaani shilingi moja na nusu. Madaraja, bwana! Miaka 400 iliyopita. Hata shilingi ni shilingi.

Mwisho wa Agosti, wiki chache tu baadaye, ikatia nanga kwenye mdomo wa mto meli ya maharamia iitwayo White Lion. Ilikuwa imeivamia meli ya Kireno iliyokuwa ikitoka Luanda, Angola, na kunyang'anya sehemu ya watu waliokuwa wamefungwa ndani. Gavana na mfanyabiashara wa kampuni wakawachukua kwa kubadilishana na chakula. Aliyeandika habari hizo kwenda London ni yule yule Rolfe wa mbegu: watu weusi 20 na ushei. Ushei! Aliyehesabu ratili hadi ya mwisho alipofika kwa watu akaona ushei unatosha.

Inaaminika wengi wao walitoka ufalme wa Ndongo, hukohuko Angola, wakisema Kimbundu. Kimbundu, Maganga, sikia lenyewe jina lilivyo: ki kama Kiswahili, kama Kinyamwezi. Mtu kwao ni mutu. Yaani kama ningekuwa nimesimama ufukweni siku ile, neno ambalo ningelielewa katikati ya makelele yote ya Kiingereza ni hilo.

Mwanzoni hapakuwa na sheria iliyosema watu hao ni watumwa wa milele, na wachache walipenya. Mmoja, aliyeandikwa Antonio alipofika 1621, alikuja kuwa huru, akaitwa Anthony Johnson, akaoa, akafuga ng'ombe, na mwaka 1651 akapata ekari 250. Nilitaka nimpende bila masharti. Lakini mwaka 1655 mahakama ilimpa ushindi dhidi ya mtu mweusi mwenzake, John Casor, aliyedai muda wake wa utumishi umekwisha. Casor akarudishwa kwa Johnson maisha yake yote. Nchi inayohesabu kila kitu kwa mikono ya kuchuma jani, hata aliyeponea chupuchupu anaanza kuhesabu hivyohivyo.

Na mlango ulikuwa unafungwa polepole. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka pamoja, wakakamatwa. Wawili Wazungu waliongezewa miaka. Wa tatu, John Punch, mweusi, akahukumiwa kutumika mpaka kufa. Mwaka 1662 ikaja sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Kwetu sheria ya Kiingereza ingekuwa rahisi kueleweka, maana wao humfuata baba. Hapo waliigeuza makusudi, ili mwenye shamba azae na mtumwa wake na bado apate mtumwa. Mwaka 1676 maskini weusi na weupe waliingia pamoja kwenye uasi wa Nathaniel Bacon dhidi ya gavana, wakaichoma Jamestown. Miaka iliyofuata Waingereza wa mkataba walipungua, meli za watumwa zikaongezeka, na mwaka 1705 sheria zote za utumwa zikakusanywa mahali pamoja. Hapo hakuna tena wa kupenya kwa urahisi.

Haya, deni. Mwaka 1660 bunge la London liliamuru tumbaku ya makoloni iuzwe Uingereza na himaya yake tu, isipelekwe moja kwa moja kwa wanunuzi wengine. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa analima, bei ilikuwa imeshaporomoka: zile shilingi 3 zikawa peni 1 hivi. Mwaka 1682, kwenye wilaya ya Gloucester, wakulima walitoka kwa makundi wakakata miche mashambani, yao na ya majirani, ili bei ipande. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Unaukumbuka mwaka ule malipo yalipochelewa mpaka mvua zikaanza tena, na baba yako mdogo akasema bora tung'oe yote?

Mwaka 1730 wakaleta wateuzi, watu wa kukagua jani. Kila pipa, ratili 1,000 hivi za jani lililoshindiliwa, lilipelekwa ghala la serikali, likafunguliwa, taka zikachomwa moto hapohapo. Maana walishazoea kuficha uchafu katikati na kupanga jani zuri juu. (Yule jirani yetu wa mawe ndani ya robota asidhani alibuni kitu.) Ukipita, unapewa hati, na hati hiyo inatumika dukani kama fedha. Wapo waliohisi kuonewa. Mwaka 1732 wakachoma baadhi ya maghala.

Wakubwa nao hawakusalimika. Walipeleka jani London kwa mfanyabiashara mmoja, yeye akawauzia, akakata ushuru, nauli na ujira wake, akawanunulia viatu, samani na mvinyo, akawaletea hesabu. Kila mwaka hesabu inasoma vibaya. Hata George Washington, kabla hajawa rais wa mtu yeyote, alilalamika kwa barua kwamba bei yake ni ndogo na bidhaa anazoletewa ni mbovu. Alipoona deni halishuki akaiacha tumbaku, akageukia ngano. Alikuwa na mashamba mapana na watumwa wengi, angeweza kugeuka. Wewe na ekari zako 3, na pembejeo ulizokwisha kukopa, utageukia nini Novemba hii?

Jambo moja zaidi, nisije nikasahau. Hiyo tunayokausha kwa moto wa nje na mabomba ndani ya bani, nyumba ya kukaushia, ikatoka njano kama dhahabu, watu wa Jamestown hawakuijua. Yao ilining'inizwa ikakaushwa na hewa. Moto mkali wa kuigeuza rangi, inasimuliwa, uligunduliwa 1839 North Carolina na kijana mtumwa aliyeitwa Stephen. Alisinzia akilinda moto wa bani, ukakaribia kuzima, akautupia mkaa kwa hofu. Jani likatoka njano, likauzwa kwa bei ya juu. Aliyetajirika ni bwana wake. Umelala bani mara ngapi, Maganga, na ukaamka umechelewa?

Kabla sijaondoka niliingia kwenye kibanda walichokijenga upya kwa mtindo wa zamani. Tumbaku ilikuwa imening'inizwa juu. Harufu ilinipiga usoni, nikawa na miaka 9, nafunga majani kwenye fito na vidole vinanata. Nikamwomba kijana anayetembeza wageni anishushie jani moja. Nikalikunja, nikalisikiliza, nikamwambia halijakauka kwenye mshipa, akilifungia hivi litaoza. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mimi natoka Virginia nyingine.

Nitumie picha ya bani jipya, na uniambie safari hii kuni umenunua kwa bei gani.

Ni mimi ndugu yako,
Shija