Onyesho la Majimaji lilipiwe na fedha za hifadhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu Makumbusho ya Majimaji hapa Songea. Nawalenga hasa wabunge wetu, kabla hawajaingia kwenye kikao cha bajeti.

Kila ifikapo Februari 27 tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Viongozi huja, mashada huwekwa kwenye kaburi la halaiki na kwenye lile la Nduna (jemadari wa Kingoni) Songea Mbano lililo peke yake, na hotuba huwa nzuri. Sina ugomvi na hotuba. Ila Vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Mjerumani, havikuwa vya waliotiwa kitanzi peke yao, na onyesho la kuwasimulia wote halipatikani kwa kupaka rangi ukuta na kuongeza sanamu. Mtu lazima alipwe aende Namtumbo, Liwale, Kilwa hadi Mahenge, akae na wazee, arekodi, atafsiri, kisha arudi kuwauliza kama amewaelewa. Kazi hiyo haina utepe wa kukata, ndiyo maana haina mtetezi.

Mkomanile wa Kitanda, mwanamke pekee kati ya walionyongwa, jina lake tunalijua. Wale waliobaki na watoto mgongoni maghala yakiungua, nani anawataja? Njaa ile ilipangwa. Kapteni Wangenheim aliandika waziwazi kuwa njaa na dhiki pekee ndizo zingewafanya watu wasalimu amri, na chini ya Gavana von Götzen mashamba na akiba za chakula vikateketezwa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Wapo Wamatumbi wa Nandete walioanza kung'oa pamba Julai 1905. Wapo Wandendeule, ambao kabla ya Mjerumani walikuwa chini ya watawala wa Kingoni, nao wana masimulizi yao ambayo hayafanani na yetu. Na wapo askari weusi waliovaa sare ya Mjerumani. Hao tunawaonea haya, lakini tukiwaficha, mtoto wa shule ataondoka akidhani Wazungu wachache walituweza peke yao.

Sasa fedha. Watu walipokwisha, pori likaingia mashambani, mbung'o na wanyama wakafuata. Sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo ikaishia ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililopewa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917, na katika miaka ya 1940 wengi wa waliosalia wakahamishwa. Mwaka 2019 pori hilo likamegwa, tukapata Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anayelipa kuona tembo kule anapita juu ya mahame ya watu. Na hifadhi hiyo, Selous iliyobaki, pamoja na Makumbusho ya Taifa, vyote viko chini ya wizara moja, ya Maliasili na Utalii.

Kwa hiyo siombi fedha zichukuliwe kwenye dawati la mwanafunzi wala dawa ya zahanati. Nasema sehemu ndogo ya mapato ya utalii na uwindaji wa maeneo hayo itengwe kila mwaka kwa utafiti na maonyesho ya Majimaji, Songea na pia kule Kilwa na Liwale vita vilikoanzia. Humo humo ipatikane njia ya kiti cha magurudumu na mkalimani wa lugha ya alama.

Nitaambiwa Wajerumani watalipa. Kweli, Rais Steinmeier alifika hapa Novemba 1, 2023 akaomba msamaha, na kulitafuta fuvu la Nduna Songea huko kwao ni wajibu wao, walilipie. Lakini masimulizi yetu yasisubiri mfadhili. Mradi wa mfadhili una tarehe ya mwisho. Ikifika, mkusanyaji anarudi kwao na kinasa sauti kinafungiwa kabatini, wakati bibi wa Liwale alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumzoea. Tena ripoti huandikwa kwanza kwa lugha ya mlipaji.

Wabunge wa Ruvuma, Lindi, Pwani na Morogoro wakilisimamia jambo hili pamoja, halitapita kimya kimya. Mbunge wangu akiisoma barua hii, naomba amuulize Waziri swali moja tu: katika makadirio ya mwaka ujao, utafiti wa Majimaji umetengewa shilingi ngapi, na ziko kwenye kasma ipi?

Mwalimu mstaafu,
Songea, Ruvuma