Barua kwa Wanjiru kuhusu joto la Kisumu

Kisumu

Mpendwa Wanjiru,

Salamu nyingi kutoka kando ya ziwa. Mimi ni mzima, na mama naye hajambo. Kila nikitaja jina lako anauliza utakuja lini kula samaki wetu wa ngege. Juzi kwenye simu uliniuliza kazi hii ya kupima joto la mji kwa setilaiti inanisaidia nini, tukakatizwa kabla sijakujibu. Nimeona heri nikuandikie, kwa sababu jibu ni refu na jambo lenyewe liko moyoni mwangu.

Natumia Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha dunia: Landsat 8 ilirushwa Februari 2013, na Landsat 9 Septemba 2021. Kila moja hupita juu yetu baada ya siku 16, na kwa kuwa zinapishana, tunapata picha kila baada ya siku 8, mawingu yakituruhusu. Wakati wa mvua za masika ni bahati kupata hata moja iliyo safi, kwa hiyo mimi hutegemea zaidi Januari na Februari. Picha hizo ni za bure kwa mtu yeyote tangu 2008. Kihisi kinasoma mionzi ya joto inayopanda kutoka chini, na kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha unayopakua, ni namba tu. Unaizidisha kwa 0.00341802, unaongeza 149, unapata kelvini; ukitoa 273.15 umepata selsiasi. Namba 45,000, kwa mfano, ni kama nyuzi 29.7. Wewe mwalimu wa jiografia, wape wanafunzi wako hesabu hiyo uone watakavyochangamka.

Ukifanya hivyo kwa mji mzima, ramani inakuonyesha kitu ambacho miguu yako ilikijua zamani. Dunga, kando ya ziwa kwenye mafunjo, kumepoa. Mtaa wa Milimani, chini ya ile miti ya zamani, kumepoa. Ukivuka kuingia mtaa wa Nyalenda, au ukipanda Kondele na Manyatta, miti inapungua, nyumba zinabanana, hakuna majani ya kutoa mvuke, na saruji na lami zinafyonza jua tangu asubuhi.

Lakini Wanjiru, usiishie kwenye rangi nyekundu ya joto kwenye ramani. Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Setilaiti inasoma joto la uso, yaani la paa, la barabara, la majani, si la hewa anayoivuta mtu aliye ndani. Tena mabati yana mambo yake. Yakiwa mapya na yanang'aa, hayatoi mionzi ya joto vizuri kama udongo au lami. Yanaweza kukuunguza kidole huku setilaiti ikiyasoma kama yamepoa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachofika kwenye kihisi ni anga baridi inayoakisiwa kwenye bati. Yakishika kutu yanasomeka karibu na ukweli. Kwa hiyo mtaa uliojaa mabati mapya unaweza kuonekana nafuu kwenye ramani, na wenye nyumba wanatokwa jasho. Masahihisho yapo, ila kihisi cha joto cha Landsat kina pikseli ya mita 100, na mita 100 za Nyalenda zina mabati ya kila umri, matope, mfereji na mwembe mmoja.

Halafu kuna saa. Landsat hutupitia kabla ya saa tano asubuhi. Makali ya jua la mchana hayajafika, wala hatujaona upepo wa ziwa wa alasiri umefika wapi na umezuiwa na nini. Saa hiyo pia mashamba ya miwa yaliyovunwa kule Kibos na Miwani, ule udongo mweusi ukiwa wazi, yanaweza kuwaka kuliko katikati ya mji. Anayelinganisha Kisumu na mashamba hayo mwezi wa Februari anaweza kutangaza kwamba mji wetu una ubaridi! Alinganishe na miwa mibichi, apate jibu jingine kabisa.

Taabu yenyewe iko usiku. Luke Howard, aliyepima joto la London mwanzoni mwa karne ya 19, aliona mapema kwamba mji huyazidi mashamba hasa usiku, na ndivyo ilivyo huku. Kuna chumba Nyalenda ambako tumetundika kipimajoto, cha mama mmoja na watoto wake. Juu ni mabati bila siling bodi, na dirisha la pekee linatazama ukuta wa ploti ya pili. Saa tatu usiku nje kumeshapoa, majirani wanaongea mlangoni, lakini ukiuegemea ukuta wa ndani unahisi jua la mchana bado limo humo. Mtoto mdogo analazwa sakafuni kwenye leso kwa sababu godoro linamchoma. Mlango unafungwa kwa hofu ya wezi. Na neti, Wanjiru! Huku malaria si mchezo, neti ni lazima, lakini neti inapunguza upepo unaomfikia aliyelala. Yule mama aliniambia wazi kwamba kuna usiku anaikunja juu ili watoto wapate usingizi. Ndiyo sababu sikubali mtu aniambie joto la mji ni habari ya starehe.

Kwa usiku natumia data za ECOSTRESS, kifaa kilichoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2018. Kinapita saa tofauti tofauti, usiku pia, na pikseli yake ni kama mita 70. MODIS, kihisi kingine cha setilaiti za NASA, nayo ina picha za usiku, lakini pikseli ya kilomita moja inameza mtaa mzima. Ninachotaka ni ramani inielekeze mitaa ya kuweka vipimajoto, na vipimajoto viniambie nyumba zipi zinahitaji dari kwanza, na wapi mti utapata nafasi ya kuota. Dari ya siling bodi si mradi wa mabilioni. Mwenye ploti akionyeshwa namba za chumba chake mwenyewe, nina imani atasikia kuliko akionyeshwa ramani ya mji.

Sasa ombi langu. Nakuru iko juu zaidi na usiku wenu ni wa baridi, kwa hiyo ningependa sana kujua kama mitaa yenu ya Kaptembwo na Rhonda inashika joto baada ya jua kuzama. Ukianza, ondoa kwanza volkano ya Menengai kwenye hesabu, kwa maana ile lava nyeusi itawaka kwenye picha na kukuharibia wastani. Ziwa nalo liondoe. Waulize wanafunzi wanaoishi mitaa hiyo kama wazazi wao watakubali kipimajoto kitundikwe chumbani, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Msimbo wangu wa kompyuta wa kutengeneza ramani nitakutumia kwa barua pepe wiki hii, na ukikwama nipigie hata usiku. Nijibu kabla ya Desemba, ili anga ya Januari itukute tumeshatundika.

Msalimie baba na wote hapo nyumbani.

Wako,
Akinyi