Mjomba, hili halikutoka kwa babu

Shikamoo mjomba,

Jumapili ile shangazi aliposema kuhusu saratani yako ya damu, "Kama ni ugonjwa wa jeni, basi umo kwenye ukoo," nilikuona ukiwatazama wanao mmoja mmoja, kisha ukaisogeza sahani ya pilau pembeni. Nilinyamaza, kwani kubishana na wakubwa mezani siwezi. Nakuandikia huku, hadharani, maana si wewe peke yako uliyetwishwa neno hilo.

Jeni yenyewe inaitwa ABL1. Sote tunayo, hata shangazi. Imekaa kwenye kromosomu ya 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na kazi yake ni kutengeneza kinasi, yaani protini inayochukua fosfeti, kikundi kidogo cha atomi, na kuipachika kwenye protini nyingine ili iamke. Jeni za kinasi mwilini ni zaidi ya 500. Wewe umeendesha daladala nusu ya maisha yako: konda akigonga bodi, unaondoa gari. Kinasi ndiye konda, fosfeti ndiyo ule mlio wa kugonga. ABL1 ya kawaida ni konda mpole. Kichwa chake hujikunja na kuubana mkono wake mwenyewe, agonge panapohitajika tu.

Kwako, ndani ya seli moja ya uboho, kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika zikabadilishana vipande. ABL1 ikapoteza kile kichwa, ikaunganishwa na jeni ya BCR. Na BCR haipendi upweke; makonda wakashikana wanne wanne, wanachocheana, wanagonga usiku na mchana. Seli hiyo ikazaana, chembe nyeupe zikafurika, bandama likavimba hadi mkanda wako ukakosa tundu.

Sasa nisikilize. Mkatiko huo ulitokea ubohoni, nawe mtu mzima. Hukuzaliwa nao wala hukuwapa watoto.

Kromosomu ya 22 iliyofupika waliiona wanasayansi Nowell na Hungerford huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, wakadhani kipande kimepotea. Mwaka 1973 mwanajenetiki Janet Rowley, akiwa amepanga picha zake za kromosomu kwenye meza ya chakula (mezani, kama sisi, ila yeye alikuwa na ushahidi), akagundua kimehamia kwenye ya 9.

Vidonge vyako ni imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kinasi huchota fosfeti kutoka ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Dawa hukaa kwenye kitundu ambamo ATP ingeingia. Konda bado yumo garini, mkono mtupu. Dawa ikipungua mwilini, anaanza tena kugonga, hata kama wewe unajisikia mzima kabisa.

Nasema haya kwa sababu mkazamjomba ameniambia vidonge vya wiki iliyopita bado vimo kwenye paketi.

Ijumaa nakuja kula kwako. Utavimeza mbele yangu, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Shangazi nimemwalika pia.