Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bima Inayolingana na Kazi Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoufunga. Habari za ada, mafunzo na wanachama wapya zimo katika taarifa za katibu na mweka hazina, na wao wameziandika vizuri kuliko ambavyo ningeziandika mimi, kwa hiyo siziigusi. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililokula muda wa kamati kuliko mengine yote, yaani bima za biashara zetu za kusafisha madirisha.

Mwanzoni mwa mwaka tuliwaomba mlete hati zenu za bima ofisini. Wengi mlileta. Nyingine zilikuwa bado ndani ya bahasha zilizokuja nazo, hazijafunguliwa. Tulikaa na dalali wa bima jioni baada ya jioni, tukazisoma mstari kwa mstari, pamoja na yale maandishi madogo ya kurasa za mwisho. Nilitarajia kukuta watu wasio na bima kabisa, na kweli wapo. Lakini walionitia wasiwasi zaidi ni wenye bima ambao hati yao inamweleza mtu mwingine. Kazi iliyoandikwa ni "usafi wa ofisi", ilhali mwenye hati anashinda juu ya ngazi nje ya ghorofa ya pili. Ada analipa, risiti anazo, na siku ya tukio kampuni itamuuliza swali moja tu: kazi hii ulitueleza?

Anayekata bima anatakiwa aseme kweli, na aiseme yote. Kampuni hupanga ada kwa kutazama hatari iliyoelezwa. Ukiacha fomu ijazwe na mtu asiyejua unafanya nini, kisha ukaitia sahihi, maneno hayo yamekuwa yako. Naomba nisisikie tena mtu akisema "wakala ndiye aliyejaza".

Kioo chenyewe

Bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ile inayolipa unapomdhuru mtu au kuharibu mali yake, sote tunaijua. Ndoo imeponyoka ikaangukia gari, mpita njia amejikwaa kwenye mpira wa maji, maji machafu yameingia ndani yakaharibu zulia: hayo ndiyo tunayoyafikiria tunapolipa ada. Kipo lakini kifungu ambacho wengi hatukuwa tumekitilia maanani, nacho kinasema kwamba bima haitalipa uharibifu wa mali ile ile unayoifanyia kazi. Hebu kisome tena kama msafisha madirisha. Mali unayoifanyia kazi kutwa nzima ni kioo. Kwa hiyo zulia la mteja lina kinga, kioo chake hakina.

Mwenzetu mmoja kifungu hicho kilimkuta mwaka huu. Alipewa jengo jipya, vioo vikubwa vina matone ya saruji na rangi. Akalowesha, akapaka sabuni, akashika kikwangulio chenye wembe mpya kama tulivyofundishwa sote. Asubuhi kazi ilionekana safi. Alasiri jua lilipolala, mwenye jengo akaona mistari myembamba kama nywele, mamia, imeshuka sambamba kufuata mkono ulivyopita.

Hakuwa mzembe. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla. Vigae vidogo mno vya vioo vilivyomo kwenye magurudumu ya tanuri huweza kugandamana na uso wake, na jicho haliwezi kuviona. Wembe unaking'oa kimoja, unakiburuta, nacho kinachora. Ukipitisha kidole kwenye kioo kikavu, wakati mwingine utasikia ukwaruzaji kama wa msasa laini. Hiyo ndiyo dalili ya kuweka wembe chini na kumwita mteja.

Kioo cha namna hiyo hakikatwi tena baada ya kuimarishwa, ni lazima kitengenezwe upya kwa vipimo vyake. Tena ni kizito. Kila mita moja ya mraba ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha mita 2 kwa 3 chenye unene wa milimita 8 kina kilo 120. Gharama ya kukibadilisha inabeba kiwanda, usafirishaji, mafundi na mitambo ya kunyanyulia. Kampuni ya bima ilijibu kwa barua fupi iliyonukuu kile kifungu. Mwenzetu sasa analipa kidogo kidogo kutoka mfukoni.

Kwa msaada wa dalali tumepata kampuni zinazokubali kuongeza kinga ya mali inayofanyiwa kazi, kwa nyongeza ya ada. Masharti yake si ya ajabu: ujaribu kwanza kwenye kona ndogo, na mteja awe ameelezwa hatari kwa maandishi kabla ya wembe kugusa kioo. Kamati imeandaa fomu ya ukurasa mmoja ya hali ya kioo, yenye nafasi ya picha na sahihi ya mteja. Mteja akikataa kutia sahihi, mwachie matone yake ya saruji.

Juu ya ngazi

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hawakuwa wamepanda ngazi. Anayeanguka kutoka mita 6 hufika chini baada ya sekunde moja na kidogo, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa.

Hati nyingi tulizosoma zina ukomo wa urefu, umeandikwa kwa mita, na kazi yoyote iliyozidi hapo haina kinga hata kama ajali yenyewe haikuhusiana na urefu. Nyingine zinatenga kazi ya kamba, au zinadai mkanda wa usalama na uthibitisho wa mafunzo. Angalieni pia kama hati inataja ngazi peke yake, kwa sababu wengi wenu mmehamia kwenye mipini mirefu inayopitisha maji yaliyochujwa. Hiyo imepunguza maanguko, nami naiunga mkono, ila ina hatari zake. Mipini ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo karibu na nyaya haifai kabisa. Maji nayo hutiririka hadi njia ya wapita kwa miguu, na anayeteleza hapo ndiye mdai wako. Kwa ngazi, kanuni ni ile ile: kila mita 4 za kwenda juu, miguu itoke ukutani mita 1.

"Ananisaidia tu"

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kijana anayekushikia ngazi na kupokea ujira jioni, sheria za nchi nyingi zitamhesabu kuwa mfanyakazi wako, uwe umemwandikisha au hukumwandikisha. Jambo hili si geni. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, gharama zikiwa juu ya waajiri. Mwaka 1952 Bunge la Malodi la Uingereza, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa ya huko, liliamua kesi ya msafisha madirisha kama sisi. Alisimama kwenye kingo ya nje ya dirisha akijishikiza kwenye fremu, kioo cha kuteleza kikashuka, kikambana vidole, akaachia, akaanguka. Malodi walisema kupanga namna salama ya kazi ni jukumu la mwajiri, hata kama mfanyakazi ni mzoefu.

Bima ya dhima kwa watu wengine kwa kawaida haimhusu mfanyakazi wako. Anahitaji bima ya fidia kwa wafanyakazi, na idadi iliyoandikwa kwenye hati iwe ya kweli, pamoja na vibarua wa msimu. Vilevile haikuhusu wewe mwenyewe. Unayefanya kazi peke yako ukivunjika mguu, dhima kwa watu wengine haitakulipa hata kidogo. Kinachokufaa ni bima ya ajali binafsi, au ile inayofidia kipato ukiwa kitandani.

Vifaa na magari nayapita haraka. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andikeni namba za vifaa na mtunze risiti. Ukikatia bima nusu tu ya thamani yake, hati nyingi zitakulipa nusu tu ya hasara, hata hasara ikiwa ndogo. Tangi la maji la lita 500 likijaa ni nusu tani ndani ya gari. Bima ya gari ielezwe hivyo, na tangi lifungwe kwenye fremu ya gari. Anayekabidhiwa funguo za wateja aulize kama hati yake inalipia kubadilisha makufuli.

Siku ya tukio

Mhudumieni aliyeumia, mpeni pole, pigeni picha, andikeni majina ya mashahidi. Msiahidi kulipa. Hati nyingi zinakataza mkatiwa bima kukiri dhima au kuafikiana na mdai bila idhini ya kampuni, na neno "nitalipa" lililotamkwa kwa huruma linaweza kuvuruga dai zima. Toeni taarifa siku hiyo hiyo. Wapo wanaonyamaza wakiogopa ada itapanda mwakani, kisha barua ya wakili inafika baada ya miezi, na kampuni inauliza kwa nini haikuambiwa mapema.

Pendekezo la bima ya pamoja

Limo kwenye ajenda, na kamati imegawanyika. Wanaolitaka wanasema, kwa haki, kwamba tukikata bima kwa pamoja tutapata bei nafuu na vifungu vizuri zaidi. Mimi silipendi lilivyo sasa. Anayesafisha vioo vya maduka akiwa amesimama chini na anayening'inia kwa kamba wangebeba ada moja, na madai ya wachache yangempandishia kila mtu gharama. Nitaliunga mkono likigawanywa katika madaraja mawili kwa urefu wa kazi, na kila mwanachama awe na hati yenye jina lake. Marekebisho hayo yamegawiwa pamoja na ajenda. Yasomeni kabla ya kura.

Dalali atabaki ukumbini baada ya mkutano. Ambao hamjaleta hati zenu, njooni nazo, pamoja na fomu ya maombi mliyojaza mlipokata bima. Tunataka kuona mlichosema, na kampuni ilichoandika.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti