Barua kwa mwanangu kuhusu glavu za mpira

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza kwa furaha maendeleo ya mafunzo yako ya uuguzi, kisha mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kuwa mikono inakuwasha kila unapovua glavu na kwamba umeamua kuvumilia. Hapo moyo wangu ulishtuka, kwa kuwa mimi nami nilivumilia hivyo hivyo, na uvumilivu ule uliniponza.

Nilipoanza kazi, glavu zetu zilikuwa za lateksi, yaani mpira unaotokana na utomvu wa mti, na ndani zilitiwa unga laini wa wanga ili zivalike kwa urahisi. Viganja viliponiwasha nilisingizia sabuni. Baadaye nikawa napiga chafya na kutokwa machozi hata pale ambapo aliyevua glavu ni mwenzangu, nami nikasema ni mafua. Hatimaye, nikiwa ninamsaidia daktari kufunga kidonda, mabaka yaliyovimba yalinipanda kutoka mikononi hadi shingoni, kifua kikabana, na nikashindwa kumaliza sentensi niliyokuwa nikiisema. Wenzangu walinichoma sindano ya adrenalini pajani bila kuchelewa, na ndiyo maana ninakuandikia leo. Nilikuja kuelewa kwamba protini za mpira hushikamana na ule unga na kupeperuka nao hewani, hivyo mtu huweza kuzivuta bila kugusa glavu yoyote. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga za kitabibu mwaka 2017, lakini glavu za lateksi zisizo na unga bado zinatumika, na protini zimo.

Hata hivyo, sitaki ukimbilie kusema una mzio wa lateksi. Mara nyingi ngozi ya muuguzi hukauka, hupasuka na kuwasha kwa sababu ya kunawa mno, jasho, na kuvaa glavu kabla mikono haijakauka vizuri. Huo si mzio, ingawa ngozi iliyochubuka hurahisisha protini kupenya. Wapo pia wanaotokwa na vipele na malengelenge siku moja au mbili baada ya kuvaa glavu. Hao kwa kawaida wana mzio wa kemikali zinazotumika kiwandani kuukomaza mpira, kama vile thiuramu, na kwa kuwa baadhi ya glavu za naitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani usiotokana na utomvu wa mti, nazo zina kemikali za namna hiyo, kubadilisha aina ya glavu pekee huenda kusiwasaidie. Ninachokiogopa mimi ni mzio wa protini zenyewe, ambao kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache: mabaka yanayowasha, chafya, kupumua kwa mluzi, na kwa wengine kuvimba koo na kushuka kwa shinikizo la damu.

Kwa hiyo andika saa uliyovaa glavu na saa dalili zilipoanza, kwani muda huo utamsaidia sana daktari. Mweleze pia iwapo mdomo hukuwasha ukila ndizi, parachichi au kiwi, maana baadhi ya protini za matunda hayo zinafanana na za mpira. Anaweza kukupima damu, au kukudunga ngozi kidogo kwa kimiminika chenye protini za mpira. Akishuku kemikali, atakubandika viraka mgongoni na kuvisoma baada ya siku kadhaa. Usijijaribu mwenyewe kwa kuvaa glavu ili uone kitakachotokea. Nimewaona watu wazima wenye elimu wakifanya hivyo, na ni hatari.

Ikithibitika kuwa ni protini, hakuna dawa ya kuung'oa mzio huo. Kinga ni kuiepuka lateksi. Waeleze wakufunzi wako kwa maandishi, uvae naitraili au neoprini, ambayo nayo ni mpira wa kiwandani, na usiguse damu kwa mikono mitupu kwa kuwaonea haya wenzako. Maneno ya kwenye boksi yanayodai kuwa glavu hazisababishi mzio yasikutoshe. Tafuta palipoandikwa wazi kwamba hazina lateksi. Kumbuka kwamba mpira huo umo pia katika baadhi ya katheta (mirija inayoingizwa mwilini, kama ya kutolea mkojo), kondomu na maputo, na uwatajie madaktari wa meno na wa upasuaji kabla hawajakugusa. Muulize daktari kama unahitaji kutembea na sindano ya adrenalini. Ukiandikiwa, iwe mfukoni mwako wakati wote, si kabatini.

Kesho omba glavu za naitraili kabla zamu haijaanza, hata ikibidi usubiri ziletwe. Kifua kikibana, usingoje daktari wa miadi. Sema papo hapo kwa sauti. Nitakuwa ninasubiri majibu ya kipimo.

Mama yako