Tubadilishe maneno tu, au tutunge upya?

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni walimu wa kwaya hapa Dodoma mjini. Kijana aliyekuwa akiimba Bongo Fleva ameokoka na anataka kurekodi injili. Wimbo anaotaka tuanze nao ni ule ule uliompa umaarufu: melodi ibaki, maneno ya mapenzi yawe sifa. Hapo ndipo tulipokwama.

Suala la haki tumelielewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha tungo na rekodi. Melodi waliitunga wawili, hivyo mwenzake lazima aridhie kwa maandishi. Rekodi, kwa mkataba, ni ya meneja aliyeilipia. Tukipandisha maneno mapya juu ya biti lile lile, YouTube italitambua, na video itazuiwa au mapato yataenda kwa meneja. Kwa hiyo vyombo vitapigwa upya.

Tatizo ni melodi yenyewe. Inatembea kutoka do ya chini hadi so ya juu, noti 12, wakati nyimbo nyingi za vitabuni hukaa ndani ya noti 8 hadi 10. Kwa majina ya noti za kinanda, do ilikuwa A, kilele kikawa E, na waumini wengi huishia C au D. Tumeishusha do hadi F: kilele sasa ni C, lakini beti zimezama hadi F ya chini, na huko hata mwenyewe ananong'ona tu. Tena studio aliimba mstari mmoja mmoja, sauti ikanyooshwa na kompyuta. Kanisani mistari haina pa kuvuta pumzi, na noti ndefu za mwisho zinashuka.

Halafu maneno. Palipokuwa na "beibi" tuliweka "Mwokozi". Mkazo wa neno hilo uko kwenye "ko", lakini melodi inaukandamiza kwenye "Mwo", neno likasikika geni. "Yesu" linakaa sawasawa, na hilo ndilo linalotuumiza zaidi: wimbo unabaki wa mapenzi, jina tu limebadilika. Kiitikio kikianza, vijana wanaitikia maneno ya zamani bila kukusudia.

Kijana naye ana hoja. Wimbo unajulikana, na wasiokanyaga kanisani wangeusikiliza. Lakini mwimbaji Bob Dylan wa Marekani alipogeukia injili mwaka 1979 aliandika nyimbo mpya kabisa, na kwenye maonyesho yake ya San Francisco mwaka huo hakuimba hata moja ya zamani. Mwaka uliofuata akazirudisha. Mwenzetu mmoja anapendekeza ngoma za muheme, za asili ya Wagogo, badala ya kinanda, ili masikio yasirudi kwenye wimbo wa zamani.

Tunaomba ushauri kwa mliowahi kufundisha waimbaji wa aina hii: tubane melodi iwe noti 9 na kuandika kiitikio kipya, beti zibaki? Au tumwambie wazi auache wimbo huu, ingawa ndio anaoupenda kuliko yote?

Walimu wa kwaya, Dodoma